Historia ya Ukoloni Rungwe katika Mizani ya Isnadi

Shukrani zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya Malipo. Ama baad.

Hapa Kyimo, katika wilaya ya Rungwe, zinazunguka kauli mbili juu ya namna Wazungu walivyoingia katika nchi hii. Ya kwanza inasema: Waarabu walileta utumwa, Wazungu wakaja na ukombozi. Kauli hii vijana wetu wanaikuta katika masimulizi ya shule na katika maneno ya wanaowatembeza wageni, na wapo wanaokuja nayo madrasa jioni wameinamisha vichwa, kana kwamba wao ndio waliotiwa hatiani. Ya pili inasikika kwetu sisi wenyewe, wakati mwingine juu ya mimbari: Waislamu peke yao ndio waliopigana na mkoloni, wengine wote walimpokea kwa mikono miwili.

Sisi tunasema kauli zote mbili hazisimami. Makala hii ni uhakiki wa mapokezi hayo kwa mizani ambayo maulamaa wetu walituachia. Hatutaki kumtetea mtu kwa kuwa jina lake linafanana na letu, wala kumlaumu mwingine kwa kuwa jina lake halifanani.

MIZANI TUNAYOITUMIA

Ndugu msomaji, Qur'ani tukufu katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuichunguza habari anayoileta fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Surat al-Maida, aya ya 8, tunakatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki yetu juu ya watu fulani. Aya mbili hizi zinamtosha mwenye kuandika historia: ya kwanza inamtaka athibitishe, na ya pili inamtaka athibitishe hata pale ambapo uongo ungempendeza.

Kutokana na msingi huo maulamaa wa Hadithi waliweka elimu ya jarhi na taadili. Waliuliza juu ya kila mpokezi: ni nani, aliishi lini, alikutana na nani, ana maslahi gani katika anayoyasema? Kisha wakautazama matini wenyewe: je, unapingana na jambo lililo thabiti zaidi? Mafakihi nao waliweka sharti katika ushahidi. Hakubaliwi shahidi anayejivutia manfaa kwa ushahidi wake, wala hasimu juu ya hasimu wake. Lakini iqrari, yaani mtu kukiri jambo lililo juu yake mwenyewe, hiyo ni hoja yenye nguvu.

Ni kweli kwamba habari za tarehe hazikuwekewa ukali ule ule wa Hadithi za halali na haramu. Imam at-Tabari, mwanzoni mwa kitabu chake kikubwa cha tarehe, alieleza kwamba yeye ananakili kama alivyofikishiwa, na dhamana iko kwa waliopokea. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alikwenda mbele zaidi katika Muqaddima yake. Alihesabu sababu zinazoingiza uongo katika habari, na miongoni mwake ni kushabikia madhehebu au kundi, kumwamini mno mpokezi, na kutoelewa makusudio ya mambo yanayosimuliwa. Basi tuvichukue vitabu vya Wazungu juu ya nchi hii tuvipime hivyo hivyo.

WAPOKEZI WA KWANZA NI NANI?

Simulizi ya ukombozi ina asili yake katika vitabu vichache vilivyoandikwa kati ya mwaka 1891 na 1894. Wa kwanza ni L. Monteith Fotheringham, aliyetoa kitabu chake mwaka 1891 juu ya vita vya Karonga, kusini ya mto Songwe. Huyu alikuwa wakala wa Kampuni ya Maziwa ya Afrika, kampuni ya Waskochi iliyoanzishwa mwaka 1878. Wa pili ni Kapteni Lugard, askari aliyeongoza mashambulizi ya kampuni hiyo mwaka 1888 na kujeruhiwa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1893. Jina la kitabu hicho linazungumzia kuinuka kwa himaya ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki, na mwandishi wake baadaye akawa gavana mkubwa huko Nigeria. Wa tatu ni Alexander Merensky wa Misheni ya Berlin, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi Transvaal. Yeye aliongoza msafara wa misheni yake uliofika Unyakyusa mwaka 1891, mwaka ule ule ambao Wamoraviani nao walifungua kituo chao Rungwe. Kitabu chake cha mwaka 1894 kinaitaja kazi ya Wajerumani katika Nyasa kwenye jina lake, na kilichapishwa Berlin kwa ajili ya wasomaji wa Ujerumani.

Tazama, msomaji, hali ya wapokezi hawa. Mmoja ni mfanyabiashara, anasimulia vita ambavyo yeye mwenyewe ni upande mmoja. Mwingine ni askari anayeihimiza serikali yake itwae nchi. Wa tatu ni mmisionari anayezungumza na wale ambao sadaka zao zinaiendesha kazi yake. Hatusemi kwamba kila walichoandika ni uongo, kwani hiyo nayo ingekuwa dhulma. Walikuwepo, waliona kwa macho, na mengi waliyoyaandika juu ya migomba, ng'ombe, mvua na nyumba za watu wa hapa yanasadikishwa na wengine. Tunachosema ni kwamba katika jambo moja, nalo ni sababu ya wao kuwepo hapa, kila mmoja ana maslahi. Na mwenye maslahi hachukuliwi neno lake peke yake.

Kasoro ya pili ni ya ittisali, yaani kuungana kwa mlolongo. Vitabu vya baadaye vinanakili hivi vya kwanza, na vijitabu vya shule vinanakili hivyo vya baadaye, mpaka habari inaonekana ina wapokezi ishirini. Ukiifuatilia nyuma unakuta asili ni mtu mmoja au wawili wa upande mmoja. Wanafunzi wa Hadithi wanalijua jambo hili. Wingi wa wapokezi mwishoni mwa mlolongo hauiponyi habari ambayo mwanzoni mwake ni ya mtu mmoja.

MATINI MBELE YA MAMBO YALIYOTHIBITI

Sasa tuutazame matini wa simulizi hiyo: kwamba Wazungu waliingia ili kukomesha utumwa. Katika Surat Yusuf tumefundishwa kuitazama kanzu imechanika upande gani. Nasi tutazame kanzu hii imechanika wapi.

Kwanza, Kampuni ya Maziwa ya Afrika ilifika Karonga ili kununua pembe za ndovu, na miongoni mwa waliouza pembe hizo ni Mlozi na wenzake, wale wale ambao baadaye vitabu viliwaita adui wa ubinadamu. Watu wa kampuni hawakulificha jambo hili, kwa hiyo hii ni iqrari. Na pembe hizo zilibebwa na nani kutoka bara? Kila aliyekuwa katika biashara ile alilijua jibu. Kampuni ilikuwa mteja kabla ya kuwa hasimu.

Pili, katika mwaka 1887, mwaka ambao vita vya Karonga vilianza, Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mkono wa Stanley, alimfanya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kuwa wali wake katika maporomoko ya Stanley huko Kongo. Mfanyabiashara mkubwa kuliko Mlozi alipewa cheo na mshahara, na Mlozi akapigwa mizinga. Na mwaka 1889 Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza, alifanya mapatano na Jumbe wa Nkhotakota, kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa hili hili letu. Huyo Jumbe alikuwa Mwislamu, na biashara yake ilikuwa pembe na watu. Akakubali ulinzi wa Waingereza, naye akapewa ruzuku. Kama sababu ya vita ingekuwa utumwa, hukumu ya watu hawa watatu ingekuwa moja. Kilichowatofautisha ni nani alikubali bendera na nani alikataa.

Tatu, tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Mpaka ukachorwa kufuata mto Songwe, ng'ambo moja ya Mwingereza na nyingine ya Mjerumani. Watu wa Ungonde na watu wa Unyakyusa, ambao lugha zao zinasikilizana na watawala wao wanataja asili moja katika milima ya Livingstone, wakatenganishwa na karatasi iliyoandikwa Ulaya. Zingatia tarehe: mkataba ni wa 1890, wamisionari wa Kijerumani walifika 1891. Nchi iligawanywa kwanza, kisha wakaja wa kuihurumia.

Nne, meli. Wajerumani walileta meli ya vyuma iliyopewa jina la Hermann von Wissmann, ikabebwa vipande vipande na kuundwa, ikaelea ziwani mwaka 1893. Fedha zake zilichangwa Ujerumani kwa jina la kupinga utumwa. Mwaka huo huo kituo cha serikali cha Langenburg kiliwekwa kwenye ufuko wa kaskazini wa ziwa, kisha makao yakapandishwa hapa milimani, ndiyo Neu-Langenburg, Tukuyu ya leo. Baada ya hapo kodi ya nyumba ikaamriwa mwaka 1897 na kuanza kukusanywa 1898. Lakini utumwa wenyewe, je, ulifutwa? Serikali ya Ujerumani haikuufuta kisheria katika koloni hili muda wote wa utawala wake. Amri ya mwaka 1904 ilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa katika sheria ya Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, karibu miaka 30 tangu kuandikwa kwa vitabu vile vya ukombozi.

Basi mwenye kusema kwamba wakoloni waliingia ili kukomesha utumwa anasema jambo ambalo matendo ya wakoloni wenyewe yanalikanusha. Na kiungo cha mwili ni shahidi mkweli kuliko ulimi.

HUKUMU JUU YA MLOZI

Hapa ndipo msomaji wetu atapenda tusimame. Hatutasimama, kwa sababu Surat an-Nisaa, aya ya 135, imetuamuru kutoa ushahidi wa haki ingawa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa.

Mnamo mwaka 1887 Mlozi alijitangaza kuwa sultani wa Ungonde. Mwezi Oktoba wa mwaka huo watu wake waliwashambulia Wangonde, na waliokimbilia kwenye matete ya Kambwe karibu na Karonga waliuawa kwa wingi. Waliosalimika wakakimbilia huku kaskazini kwa ndugu zao. Habari hii haiko kwa Fotheringham peke yake. Owen Kalinga, mwanahistoria wa Malawi na mtu wa nchi hiyo, ameyachunguza mapokezi ya wazee wa Kingonde katika kitabu chake cha mwaka 1985 juu ya ufalme wa Ungonde, na dhulma ile haikufutika humo. Hivyo habari hii imepata njia nyingine, nayo ni ya waliodhulumiwa.

Je, sheria inasemaje? Wapo wanaosema kwa sauti ya chini kwamba utumwa uliruhusiwa, na hivyo Mlozi hakufanya kosa. Hii ni fatwa ya mtu asiyejua anachokisema. Asili ya mwanadamu katika fiqhi ni uhuru. Sheria ilikuta utumwa duniani, ikaibana milango ya kuingilia na kuipanua milango ya kutokea, kwa kafara, kwa mukataba na kwa fungu la zaka. Mlango uliobaki ni mateka wa jihadi halali, yenye imamu, yenye daawa kabla ya vita, na yenye makusudio ya kulinyanyua neno la Allah. Ni daawa gani aliipeleka Mlozi kwa Wangonde? Ni imamu gani alimwamuru? Watu wale walikuwa majirani zake, walimkaribisha, akala chakula chao. Aliwashambulia kwa ajili ya pembe, njia na utawala. Huo ni unyang'anyi. Na katika Hadithi al-qudsi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), tumepewa habari kwamba miongoni mwa watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama ni mtu aliyemuuza aliye huru akaila thamani yake.

Maulamaa wa Afrika hawakunyamaza juu ya jambo hili. Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu aliandika risala yake ya Mi'raj as-Suud mwaka 1615. Yeye alibaki ndani ya hukumu za zama zake, hakufuta utumwa wote. Lakini alipinga kuwafanya watumwa watu walio Waislamu, na aliivunja hoja ya wanaosema kwamba ngozi nyeusi peke yake ni sababu ya mtu kumilikiwa. Mwenye elimu hiyo hawezi kuyahalalisha ya Kambwe.

Mlozi alinyongwa Desemba 1895, baada ya Johnston kuivunja ngome yake. Sisi tunayaweka mambo mawili pamoja bila ya kuyachanganya. Mlozi alikuwa dhalimu, na aliyemnyonga hakuwa na haki juu ya nchi ile. Dhalimu anaweza kuondolewa na dhalimu mwingine, na hilo halimfanyi wa pili kuwa mwadilifu. Tukilikubali hili tutakuwa na haki ya kusikilizwa tunapozungumza juu ya ukoloni. Tukilikataa, kijana wetu atagundua mwenyewe habari za Karonga, kisha ataacha kutuamini hata katika mambo ya dini yake.

JE, WAISLAMU PEKE YAO NDIO WALIOPIGANA?

Sasa tuigeukie kauli ya pili. Wanaoisema wana ushahidi wa pwani, nao ni wa kweli. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Novemba 1895. Lakini neno "peke yao" ndilo linaloiharibu kauli. Hapa Rungwe, mwaka 1897, Wanyakyusa na Wakinga walipigana na Wajerumani wakashindwa kwa nguvu ya bunduki. Hawa hawakuwa Waislamu. Walikuwa wakulima na wafugaji waliotetea nchi yao na ng'ombe wao. Damu yao imemwagika katika ardhi hii tunayolima ndizi na viazi, na haifai sisi tuisahau ili tupate sentensi nzuri ya khutba.

Na habari hiyo inaivunja pia simulizi ya upande wa pili, ile inayosema kwamba watu wa hapa waliwapokea Wazungu kwa amani. Merensky hakuweza kuiandika, kwa kuwa kitabu chake kilitoka 1894. Lakini wanaomnakili leo hawana udhuru huo. Kusimama na mpokezi wa 1894 ili usiyaone ya 1897 ni tadlisi.

Kuna jambo jingine linaloiumiza zaidi kauli ya pili. Waislamu walikuwemo ndani ya jeshi la mkoloni. Wissmann alipoliunda jeshi lake mwaka 1889 aliwaajiri Wasudani kutoka Misri, wengi wao Waislamu, pamoja na watu wa Msumbiji. Safari ile ya kuileta meli Nyasa ina msimulizi Mwislamu anayeandika Kiswahili, naye ni Salim bin Abakari, ambaye habari yake ilichapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Tumpime naye. Ubora wake ni kwamba alikuwepo, na ni mtu wa lugha yetu. Udhaifu wake ni kwamba alikuwa mtumishi wa wakubwa wa msafara, akaandika kwa kuombwa na Mjerumani. Tunamchukua katika yale aliyoyaona njiani, na tunasita pale anapowasifu waliomlipa. Jina la Kiislamu halimpandishi daraja mpokezi, kama ambavyo jina la Kizungu halimshushi.

Na huu Uislamu wa Tukuyu wenyewe ulikua pembeni ya boma, kwa askari, makarani na wafanyabiashara waliokuja nao. Utawala uliwahitaji watu hao, na wakati huo huo ukawaogopa. Kongresi ya Kikoloni ya mwaka 1910 huko Berlin ilijadili Uislamu kama tatizo la makoloni. Mwaka 1912 mmisionari Martin Klamroth wa Misheni ya Berlin alitoa kitabu kizima juu ya Uislamu katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Kiswahili chenyewe kikavuliwa herufi za Kiarabu ambazo babu zetu walikiandikia. Huu ndio mkanganyiko wa ukoloni: anakutumia wewe kumtawala jirani yako, kisha anamtahadharisha jirani yako juu yako. Uadui wa leo baina ya baadhi ya Waislamu na baadhi ya Wakristo una mzizi mmojawapo hapo.

WATAALAMU WALIOKUJA BAADAYE

Itakuwa si insafu tukiwaacha wale waliofanya kazi kwa utulivu zaidi. Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, wakajifunza lugha, wakaandika maneno ya wazee. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akatoa vitabu kadhaa, cha kwanza juu ya vijiji vya rika mwaka 1951. Tunamhesabu mama huyu kuwa mpokezi mzuri katika mengi, kwa sababu alisikia mwenyewe na kunakili kwa uangalifu. Lakini tunamkosoa katika mawili. La kwanza, jina. Watu wa Kyimo na kandokando yake ni Wakukwe, na Wanyakyusa kwa asili ni wale wa upande wa ziwani. Kalamu za serikali na za wataalamu ziliwakusanya wote chini ya jina moja, na jina hilo likawa kabila. La pili, wakati. Kitabu kilichotoka 1951 kinasimulia kijiji cha miaka ya 1930 kana kwamba ndivyo kilivyokuwa tangu zamani, na hali watu hao walikwisha kutawaliwa miaka 40, na vijana wao walikuwa wakienda kwenye dhahabu ya Lupa. Simon Charsley, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aliitazama upya picha hiyo ya watawala na vijiji, na kazi yake inastahiki kusomwa pamoja na ya Wilson.

Marcia Wright naye mwaka 1971 aliandika juu ya misheni za Kijerumani katika nyanda hizi za juu kusini tangu 1891 hadi 1941. Ubora wake ni kwamba alirudi kwenye nyaraka za misheni zenyewe, akaonesha kwamba wamisionari na serikali hawakuwa kitu kimoja siku zote, waliwahi kugombana na kuvutana. Hili nasi lazima tulikubali. Mwenye kusema kwamba kila mmisionari alikuwa askari aliyevaa joho hajazisoma nyaraka. Tunalosema sisi ni jepesi zaidi na ni zito zaidi: mmisionari aliyekuwa mwema alikuwa mwema chini ya bendera ambayo watu wa hapa hawakuiomba, na wema wake ukawa hoja ya bendera hiyo.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Atauliza muulizaji: mambo haya yamepita, Wajerumani waliondolewa hapa na jeshi la Northey Mei 1916, Waingereza wakaondoka 1961, faida iko wapi? Tunajibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni ushahidi. Mwanafunzi anayeandika katika mtihani kwamba ukoloni ulikuwa ukombozi, naye hajui, amesema uongo bila kukusudia. Khatibu anayesema juu ya mimbari kwamba jirani zetu waliuza nchi amewasingizia wafu wa mwaka 1897, na wafu hawawezi kujitetea. Kusingizia ni katika madhambi makubwa, na haikupungua kwa kuwa aliyesingiziwa amekwisha kufa.

La pili ni ujirani. Sisi wa Kyimo tunaishi na Wamoraviani na Walutheri ukuta kwa ukuta. Tunazikana, tunapeana mbegu, watoto wetu wanakaa dawati moja. Historia iliyopimwa vizuri inatuonesha kwamba babu zao na babu zetu walikuwa upande mmoja wa bunduki, mara nyingi ni babu mmoja. Aliyewagawa kwa mto Songwe ndiye aliyewagawa kwa majina.

La tatu ni ardhi na mali. Chai ilipandwa Rungwe na Wajerumani mwaka 1904 na ikawa zao la biashara chini ya Waingereza miaka ya 1920. Maswali ya nani alimiliki shamba gani, kwa mapatano gani, na mzee gani alikubali au alilazimishwa, ni maswali ya haki za waja. Na haki za waja hazifutwi na kupita kwa miaka.

Basi tunawanasihi maimamu na wanafunzi wetu mambo yafuatayo. Msinukuu habari ya ukoloni kabla ya kujua asili yake ni nani na alikuwa wapi. Mkisoma kitabu, andikeni pembeni mwaka kilipotoka na kazi ya aliyekiandika. Nendeni kwa wazee wa vijiji hivi, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wake kwa waume, muwaulize waliyoyasikia kwa wazazi wao, na muandike mlolongo kamili: fulani bin fulani, kutoka kwa mama yake, kutoka kwa baba wa mama yake, aliyekuwepo. Wazee hao wanapungua kila msimu wa mvua. Bukhari alisafiri miji na miji kwa ajili ya mapokezi, na sisi tunashindwa kuvuka bonde moja la Kiwira.

Na pale habari itakapokuwa dhidi yetu, tuiandike kama ilivyo. Na itakapokuwa dhidi ya wengine, tusiiongezee chumvi. Huo ndio uadilifu tulioamrishwa, na ndio unaokaribiana zaidi na ucha Mungu.

Tunamuomba Allah atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Amin. Wallahu aalam.